Panga Bado Unalo Mkononi

Nakumbuka asubuhi niliyosimama mpakani mwa shamba letu, hapa hapa Nyakasimbi, nikimtazama jirani yangu Anastazia akiimba kati ya migomba yake ya kijani, nami natamani ikauke yote. Usinitolee macho, mwanangu. Wivu ni wivu, hata uvae kitenge cha kwaya.

Mwaka ule ugonjwa wa mnyauko ulikuwa umeingia kwenye kibanja chetu, shamba letu la migomba. Majani yanageuka njano, mkungu unaiva kabla ya wakati wake, ukimenya ndizi ndani imeoza. Na unajua kwetu, mtu asiyekula ndizi huwa hajala, ameonja tu. Nilikuwa na watoto wadogo, na mume aliyeishiwa maneno. Kibanja kile kikifa, tungewalisha nini?

Na huyo Anastazia ni nani? Mtoto wa watu waliovuka mpaka kutoka Burundi, aliyeanza kwa kulima vibarua kwenye mashamba yetu! Mimi nimezaliwa hapa, nimebatizwa hapa, naongoza sala za jumuiya. Yeye kanisani hukaa benchi la nyuma. Kila nikipita pale roho inaniuma, nasema, Mungu wangu, hata huyu? Nikaanza kunong'ona kisimani kwamba ana dawa za uchawi. Loh, mdomo huu!

Na kila siku nilisali, "Bwana, kibanja hiki nakukabidhi." Nikisema amina tu, nachukua panga, nakata mgomba unaougua, nahamia mzima kupunguza majani, narudi kwa mgonjwa. Mabwana shamba walishatuambia tung'oe mashina yaliyougua na panga tulipitishe motoni. Mimi niliona wanataka tufe njaa.

Asubuhi hiyo ya mpakani mama mkwe alinikuta nakata huku nalia.

"Shikamoo mama," nikasema nikifuta machozi.

"Marahaba, mkamwana. Unalilia nini?"

"Namlilia Mungu. Nimemkabidhi kibanja, naye baraka kampa Anastazia."

"Umemkabidhi? Mbona panga bado unalo mkononi?"

Nikalitazama lile panga.

"Shamba la Anastazia liliugua kabla ya lako," akasema. "Aling'oa yote, akapiga magoti kwenye udongo mtupu, watoto wake wakala mihogo, na wewe ukamcheka. Hiyo unayoionea wivu ni migomba aliyopanda upya. Ugonjwa unautembeza wewe mwenyewe, shina hadi shina, kwa panga hilo hilo."

Mwanangu, niliona aibu hadi masikioni. Mshika mbili moja humponyoka. Nikaweka panga chini, nikasali bila maneno mazuri: "Baba, sina ujanja tena. Chukua."

Tuling'oa kibanja chote. Ukisimama mlangoni unaona hadi barabarani. Niliogopa, nisikudanganye, lakini kwa mara ya kwanza msimu ule nikapata usingizi. Tukala mihogo na maharage mpaka watoto wakanuna. Ardhi ilipokwisha kupumzika, aliyekuja na miche safi kichwani alikuwa Anastazia. Na yote niliyoyasema kisimani alikuwa ameyasikia. Aliniambia tu, "Dada, chimba mashimo." Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Basi sikia. Siku ngumu zikija, usimwambie Mungu "nakukabidhi" huku umeng'ang'ania. Mpe kweli, hata pabaki patupu. Patupu alipopashika yeye ni salama kuliko kijani unachokilinda kwa hofu. Na ukimwona jirani amestawi, usiulize kwanza Mungu kampa nini. Uliza yeye alimwachia Mungu nini. Mimi hata leo mkungu wake ukizidi wangu roho inaniuma kidogo, mazoea yana taabu. Hapo naweka panga chini, naenda kumsalimia.

Mungu akupe mikono myepesi ya kuachia, mwanangu, na akupe jirani atakayekuletea mche hata kama ameshasikia uliyomsema.