Siku Tulipokwenda Kuililia Kometi Saba

Harusi yangu ilianza na matanga.

Sisemi kwa mafumbo. Ni matanga kweli: mikeka chini, sufuria ya wali, wanawake wamejifunga kanga viunoni, na wifi yangu analia mpaka vioo vinatetemeka.

Na marehemu alikuwa kampuni ya sinema.

Tulia nikusimulie.

Mimi ni Domina, mzaliwa wa Bukoba. Nilisomea ualimu wa watoto wadogo hapa Stockholm, na sasa nafundisha shule ya watoto kule Bredäng. Watoto wa miaka minne hawanitishi. Ugonjwa wangu ni watu wazima. Mtu mzima akiniuliza saa, navijibu viatu vyake.

Basi fikiria mshangao wa watu siku niliponyoosha mkono kwenye mkutano wa chama chetu.

Chama chenyewe ni cha sisi tuliotoka Afrika Mashariki: Watanzania, Wakenya, na Waganda wawili wasiopatana. Tulikuwa na akiba kidogo, lakini hatukuwa na mahali pa kukutania. Tulijibana chumbani kwa mwenyekiti, Mzee Mashauri, ambako kiti kilikuwa kimoja na mwenye kukikalia alikuwa yeye.

Nikasema, kwa sauti ya mbu: "Tununue hisa za Kometi Saba."

Kometi Saba ni kampuni ya sinema. Ni saba kwa jina, lakini zilizo wazi ni nne. Tangu televisheni ya rangi iingie majumbani, watu wamehamia kwenye makochi yao. Kampuni, ili isizame, ikaanza kuwauzia wateja hisa ndogondogo pale pale dirishani pa tiketi. Mwenye hisa hapati utajiri. Anapata filamu ya bure Jumapili, na ruhusa ya kutumia ukumbi kwa shughuli ya familia siku isiyo na maonyesho.

"Kwani sisi si familia?" nikauliza.

Nadhani walishangaa zaidi kwamba nimesema kuliko nilichosema. Akiba yote ya chama ikaingia kwenye hisa.

Tukapata ukumbi, Kometi ya mtaa wa Hornsgatan. Meneja wake, Bwana Ekvall, ni mzee mrefu, mpole, anayetembea kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Tulielewana tangu siku ya kwanza, maana yeye pia huongea na viatu.

Ochola, Mkenya wa chama chetu, aliniposa humo humo ndani. Katikati ya filamu, gizani. Mtu wa safu ya nyuma akatuambia "Shhh!" kabla sijasema ndiyo.

Nilipokwenda kuomba ukumbi kwa ajili ya harusi, Bwana Ekvall aliniuliza swali moja tu.

"Wageni watakaa?"

"Watakaa kidogo," nikaviambia viatu vyake. "Halafu watacheza."

Akaziangalia safu za viti kwa muda. Kisha akavuta pumzi ndani, hhp! kama mtu aliyekanyaga maji ya baridi. Usishtuke. Wengi wa hapa ndivyo wanavyosema ndiyo.

Harusi ikapangwa Jumamosi.

Jumatano, kimbembe.

Niko shuleni nawavua watoto mabuti yenye tope la theluji, akaingia Fru Nyström, mpishi wetu. Fru ni bibi kwa lugha yao. Huyu bibi naye ana hisa za Kometi, na mdomo wake hauhitaji umeme.

"Domina! Kometi imekwisha! Nimepita Hornsgatan asubuhi, nimeona kwa macho yangu. Wanatoa viti nje! Vimefunikwa mashuka kama maiti! Wadai wameshaanza kubeba!"

Moyo ukanidondokea ndani ya buti la mtoto.

Kufikia saa ya kahawa, Bredäng nzima ilikuwa inajua. Jioni gazeti moja likaandika mistari miwili yenye alama ya kuuliza, na alama ya kuuliza, ndugu yangu, inatisha kuliko habari yenyewe. Wenye hisa wakaanza kuziuza kwa bei ya soseji ya kibandani.

Simu ikalia. Mzee Mashauri.

"Domina, binti yangu."

"Abee, mzee."

"Umefungua mdomo mara moja tu maishani mwako."

Nikangoja matusi.

"Basi," akasema, akakata.

Angenitukana ningelala. Ile "basi" ndiyo iliyonikosesha usingizi. Kometi ikifa, ukumbi wa harusi umekwenda, akiba ya wenzangu imekwenda, na aliyewaongoza shimoni ni mimi niliyekaa kimya miaka yote kumbe kimya changu ndicho kilichokuwa salama yao.

Kesho yake tukakutana Rågsved, kwa Ochola. Yeye ni fundi wa lifti, mtu asiye na haraka.

"Tungoje gazeti la kesho," akasema.

Dada yake Roselyn, wifi yangu mtarajiwa, akaweka kikombe mezani kwa kishindo.

"Gazeti? Huyo mzee amepatwa! Ametukaribisha kwa hiyo ukumbi yake kila mwezi, baridi ikituua. Leo amefilisika na hakuna mtu ameenda kumuona. Nyinyi ni watu ama ni mawe?"

"Wifi," nikasema polepole, "watu wa hapa wakipatwa hupenda kuachwa peke yao."

"Hakuna mtu hupenda kuachwa peke yake, Domina. Wao wamezoea tu."



"Kiswahili cha Kisumu hicho," akasema Mzee Mashauri, akichukua kofia yake. "Lakini maneno ni ya kweli. Wali uko wapi?"

Hivyo ndivyo tulivyojikuta kwenye treni ya chini ya ardhi na sufuria tatu, mikeka, na birika. Abiria walitazama sufuria, wakatazama madirisha, wakatazama tena sufuria. Hakuna aliyeuliza. Ochola akamkonyeza mzee mmoja: "Karibu, tunakwenda msibani." Mzee akashuka kituo kilichofuata.

Pale Hornsgatan, sebule ya sinema ilikuwa wazi, haina mtu. Tukatandika mikeka chini ya mabango ya filamu. Wanawake tukajifunga kanga. Na Roselyn akaanza.

Kama hujamsikia mwanamke wa Kijaluo akilia msiba, bado una zawadi moja duniani inayokungoja. Halii tu. Anamsifu marehemu.

"Uuuwi! Kometi! Wewe ulitupa joto wakati wa theluji! Kometi! Wewe ulizima taa ili watu wapendane! Nani ataposa sasa? Nani ataposea wapi?"

Ochola akaficha uso ndani ya kofia. Mabega yanatikisika. Mpaka leo anaapa alikuwa analia.

Bwana Ekvall akatokea kwenye ngazi za chumba cha mashine, mweupe kama karatasi.

"Nani amekufa?"

Mzee Mashauri akasimama, akakohoa. "Bwana Ekvall. Tumekuja kukupa pole kwa kufiwa na kampuni."

Kabla meneja hajajibu, Roselyn alishamtia sahani mikononi.

"Kula kwanza. Maneno yatakuja."

Akala. Amesimama, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

Nikadhani ni pilipili.

Sasa, mlango wa sinema ni wa vioo. Mtaani watu wanaona: taa zinawaka, Waafrika wamekaa chini na kanga, wanalia, meneja naye analia. Ungedhani nini? Uvumi uliokuwa na alama ya kuuliza ukapata nukta.

Akasimama mmoja. Wa pili akasimama nyuma yake. Na watu wa mji huu wakiona foleni hawaulizi ni ya nini, wanajipanga kwanza. Mara foleni imepinda kona. Nusu yao wana hisa, nusu wamefuata foleni. Na mbele kabisa, mkoba umebanwa kwapani kama silaha, nani?

Fru Nyström.

Akaingia kama upepo. "Ekvall! Viti viko wapi?"

Bwana Ekvall akaviangalia viatu vyake.

"Tuna haki ya kujua! Fungua ukumbi!"

Mlango ukafunguliwa. Watu wakajaa nyuma yetu, shingo juu ya shingo.

Mbele, chini ya pazia la filamu, viti havikuwepo. Safu baada ya safu zimeng'olewa. Palikuwa na sakafu tupu ya mbao, imesuguliwa nta mpaka taa za darini zilijiona humo.

"Si niliwaambia!" akapiga kelele Fru Nyström. "Wameuza!"

Kelele zikapanda. Mtu akasema polisi. Mwingine akasema wakili. Bwana Ekvall alikuwa mwekundu kama nyanya, na hakumtazama hata mmoja wao.

Alinitazama mimi.

Halafu akatazama sakafu. Halafu mimi tena.

Watakaa kidogo. Halafu watacheza.

Mungu wangu.

Alikuwa amenitengenezea sakafu ya kuchezea. Ilikuwa zawadi, na sasa alikuwa tayari kuitwa mwizi kuliko kuifungua kabla ya siku yake.

Watu wazima tupu, mpaka nje barabarani. Hakuna viatu vya kutosha kuongea navyo.

"Viti," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Roselyn akapiga mfuniko wa sufuria, kwaa! Ukumbi ukanyamaza.

"Sikizeni sasa, wifi yangu anaongea!"

"Viti vimetolewa kwa sababu yangu," nikasema, na sauti ikatoka yote, sijui ilikuwa imejificha wapi. "Jumamosi naolewa. Hapa. Nami nilimwambia Bwana Ekvall kwamba kwetu watu wanacheza. Havijauzwa. Ni sakafu ya harusi yangu."



Fru Nyström akafinya macho. "Unaolewa na nani?"

Nikaonyesha kidole. Ochola alikuwa amekumbatia sufuria, wali kwenye masharubu.

"Na huyo."

Alianza kucheka mtu mmoja kule nje ambaye nadhani hakuona lolote. Kisha wote. Bwana Ekvall akatuongoza kwenye chumba cha chini, ambacho mlango wake uko mtaani, na vilikuwemo viti vyote, vimefunikwa mashuka yake ya nyumbani, yenye maua.

"Hmm," akasema Fru Nyström, akikikalia kimoja ili kuhakikisha. "Harusi nitaiamini nikiiona. Mwenye hisa ana haki ya kukagua. Jumamosi nitakuja."

"Na mimi," akasema mwingine.

"Na mimi pia."

Ochola akaninong'oneza sikioni: "Mpenzi, siku ukiamua kuongea, unaalika Stockholm nzima."

"Mchele!" akalia Roselyn, na hicho ndicho kilio pekee cha siku ile kilichotoka moyoni.

Jumamosi walikuja.

Walikuja na chupa za kahawa na keki na mikate ya mdalasini, kila mmoja na yake, maana kwa hapa mtu haji mikono mitupu akiwa amejialika. Walisimama kando ya ukuta kama wakaguzi, kwa muda wa nyimbo mbili. Kisha Mzee Mashauri akamshika mkono Fru Nyström, akamvuta katikati, na ukaguzi ukaishia hapo. Yule mama anacheza! Alivua viatu. Alimchosha Mzee Mashauri, akawachosha Waganda wote wawili, ambao walikuwa wameacha ugomvi wao ili wapokezane.

Nilikuwa nimekaa napumzisha miguu, Bwana Ekvall akaja akakaa karibu yangu. Mara hii hakuviangalia viatu.

"Domina. Viti nilivitoa kwa ajili yako. Hilo ni kweli."

"Najua. Asante sana."

"Lakini sikuwa na mpango wa kuvirudisha."

Sikuelewa.

"Uvumi ni wa kweli," akasema. "Jumatatu tunakabidhi funguo. Nimejua tangu Krismasi, sijamwambia hata mke wangu. Nilitaka tu usiku wa mwisho wa ukumbi huu uwe na furaha."

Muziki ulikuwa mkubwa, lakini nilisikia kila neno.

"Watu walikuwa wameanza kuvuka barabara wakiniona," akaendelea. "Wananipa nafasi. Ni adabu yetu. Halafu mkaja ninyi na wali."

Kumbe haikuwa pilipili.

Nilitaka kumshika mkono nikaona haya. Kisha nikakumbuka kwamba nilishaongea mbele ya foleni nzima. Nikamshika.

"Mwambie Fru Nyström," nikasema. "Sasa hivi. Kabla hajavaa viatu."

Hhp, akavuta pumzi. Akaenda.

Nilimwona yule mama akisikiliza, jasho usoni, nywele zimefumuka. Akaitazama ile sakafu. Akawatazama wenye hisa wenzake wakirukaruka juu yake. Jumatatu, kwenye mkutano wa kampuni na wadai wake, alisimama akiwa bado anachechemea, akauliza jambo moja: kama watu wanabaki kwenye makochi yao kwa sababu ya picha, je, kochi linaweza kuwachezesha?

Wadai wakakubali kungoja waone kama dansi italipa. Viti vya mbele havijarudi mpaka leo, na Jumamosi Hornsgatan ni dansi, Jumapili ni filamu. Bado ni Kometi Saba zilizo nne. Hakuna aliyetajirika. Lakini zinawaka, na mwaka umepita.

Mzee Mashauri alinipigia simu. "Binti yangu, umefungua mdomo mara mbili sasa." Nikangoja. "Uzoee," akasema, akakata.

Roselyn naye anadai ni kilio chake kilichomwamsha marehemu, na sina ushahidi wa kumpinga.

Nami nimebaki na hili moja la kukuachia. Ukisikia mwenzako amepatwa, nenda. Usingoje gazeti, usiulize kama ni kweli. Pika, beba, nenda.

Ukikuta hajafa, mtakula wali.