Bendi ya Nyundo Ilipopiga Songea

Safari yangu ya Songea haikuanza kwa sababu ya muziki. Ilianza kwa sababu ya picha. Mdogo wangu Shaibu, anayechomelea mageti huko Songea mwaka wa tano sasa, alipigwa picha amevaa fulana nyeusi yenye fuvu la mtu kifuani, ulimi ameutoa nje. Picha ikazunguka kwenye simu za watu mpaka ikamfikia baba hapa Nalasi, baada ya swala ya adhuhuri, mbele ya wazee wenzake. Na bahati mbaya, wiki hiyohiyo Shaibu alikuwa amemwomba baba atume mshenga kwa wazazi wa binti aliyempenda. Baba alirudi nyumbani, akavua kofia, akasema, "Situmi mshenga kwa ajili ya kijana ambaye sijui anaabudu nini."

Tulipompigia simu, Shaibu alijitetea kwamba ule ni muziki tu, roki nzito, wenyewe wanaiita metali. Akasema Jumamosi bendi ya Nyundo, wazee wa Dar es Salaam wanaoupiga muziki huo tangu ujana wao, itakuja Songea, na wazee hao wamemkubalia aimbe nao wimbo mmoja. Baba akanigeukia.

"Zena, wewe si mwepesi wa kudanganywa. Nenda ukaone kwa macho yako, uje uniambie. Ukisema ni ushetani, habari ya posa imekwisha."

Nilikunja uso kama mtu aliyebebeshwa mzigo, lakini kusema kweli pale nyumbani hakuna aliyekuwa na hamu ya kwenda kunizidi mimi.

Alfajiri ya Ijumaa nilipanda bodaboda hadi Tunduru mjini. Mikorosho ilikuwa imejaa vumbi jekundu, na mimi nilifika nikiwa na rangi hiyohiyo. Kwenye basi nilikaa na mama mmoja wa makamo, nikamuuliza kama amewahi kusikia metali. "Mjukuu wangu anazo kwenye simu," alisema. "Watu wanalia kama wameungua uji." Nikazidi kutaka kujua. Tulipopita Namtumbo madirisha yalianza kufungwa moja moja, maana baridi ya Songea huanza kukusalimia kabla hujafika.

Stendi, Shaibu alinipokea amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya viua. "Shikamoo dada," alisema kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake tangu azaliwe. Nikaitikia, nikamwambia kesho avae anavyovaa siku zote, sikusafiri siku nzima kuja kutazama kanzu.

Mshangano, mtaa anakopanga, nilikaribishwa na mwenye nyumba, Mama Haule, mjane mwenye rozari shingoni na maneno mengi mdomoni. Alinipa ugali na likolo, mboga yao ya majani ya maboga, akakaa pembeni kuhakikisha namaliza. Nikaona nianze kazi niliyotumwa.

"Mama, huyu mtoto anaishije hapa?"

"Dada, akianza kuimba kule uani, kuku wangu wanaingia bandani mchana kweupe. Lakini mlango wa jiko uling'oka, akautengeneza hata sijamaliza kulalamika. Shetani mimi simjui sura, ila sijasikia kwamba anachomelea milango ya watu."

Jumamosi, baada ya alasiri, tulikwenda ukumbini. Onyesho liliwekwa mapema kwa sababu wazee wenyewe hulala mapema. Vijana walikuwa wamejaa mlangoni na makoti meusi, minyororo kiunoni, buti hadi magotini. Wengine walikuwa wametoka Maposeni kwa pikipiki, na chini ya zile buti uliona udongo wa shamba la mahindi. Nilijifunga ushungi vizuri, nikapita katikati yao nikiwa nimebana pumzi. Kila niliyempita alisema, "Shikamoo mama." Mwenye hereni puani aliniletea kiti cha chuma mbele kabisa, na mwingine akaniletea soda. Ikawa vigumu kuwaogopa watu wa namna hiyo, ingawa nilijitahidi.

Wazee wa Nyundo walikuwa wanne. Mpiga dramu alikuja na chupa ya chai ya tangawizi, akaiweka karibu na mguu wake. Mwimbaji, Mzee Damiani, mwenye ndevu nyeupe, alipanda jukwaani akishika ukuta kwa sababu ya goti linalomuuma. Ukumbi mzima ukalipuka, "Shikamooni!" Akainama kwenye maiki. "Marahaba, wajukuu zangu." Akavua miwani, akaikunja, akaiweka mfukoni. Halafu akanguruma.

Sauti ile ya kwanza niliisikia kwenye meno kabla ya masikio. Nilianza kusoma dua moyoni, na katikati ya dua nikajikuta natazama vidole vya mpiga gitaa, vinavyokimbia utafikiri vya kijana wa miaka ishirini. Vijana mbele yangu walikuwa wanagongana mabega kwa nguvu. Nikasema sasa ndiyo wanauana. Lakini mmoja alipoanguka, wanne waliinama kumwinua, na wa tano akawa anamtafutia kiatu.

Wakati wa mapumziko nilimfuata Mzee Damiani pale alipokuwa anakandwa goti.

"Shikamoo baba. Samahani, huwa mnaimba kuhusu nini?"

"Marahaba mwanangu. Ule wa kwanza ni mgodi ulioangukia watu. Wa pili ni foleni ya hospitali."

"Na mafuvu je?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Kwa umri wangu, mwanangu, fuvu ni picha yangu ya mwakani."

Kisha Shaibu akaitwa. Alipanda amevaa ileile fulana ya kwenye picha. "Wimbo huu ni wa tembo wa kwetu Nalasi," alisema. Magitaa yakaanza polepole, mazito, yakitembea kama mnyama asiye na haraka. Ndipo mdogo wangu akafungua mdomo.

Nilisimama bila kujua. Sauti ile ilikuwa ya baba! Ni ukelele wake wa kwenye dungu, kile kibanda cha kulindia shamba, siku tembo wanapoingia kwenye mahindi: unaanzia chini, unapanda, unakatika ghafla. *Hooo-ya!* Kwetu jirani akipiga ukelele huo huulizi kitu. Unaitikia, unapiga debe au chochote ulichonacho, ili mnyama asikie watu kila upande. Anayekaa kimya ameliacha shamba la mwenzake liliwe.

Basi nikaitikia. *Hooo-ya!* Nikashika chupa ya soda na kugonga kiti cha chuma kwa nguvu zangu zote.

Ukumbi wote ukageuka kunitazama. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini nyuma kule, penye mlango, sauti ya mwanamume ikaitikia, na ya mwingine upande wa pili. Nadhani walikuwa watu wa Tunduru, maana hakuna mwingine angefanya kosa kama letu. Mzee Damiani akamwashiria mpiga dramu kwa kidole, afuate chupa yangu. Shaibu aliniona. Akapiga ukelele wa pili, na safari hii ukumbi mzima ukaitikia. Nililia na kucheka kwa pamoja. Nilifurahi, basi, na sioni sababu ya kuficha.

Jumapili, kwenye basi la kurudi, nilikuwa napanga maneno ya kumweleza baba. Nikayapanga mpaka Tunduru, ambako dereva wa bodaboda alinikazia macho, akatabasamu. "Samahani mama, si wewe yule wa chupa?" Video ilikuwa imenitangulia. Njia yote ya Nalasi nilijifunika uso kwa ushungi.

Baba alikuwa amekaa kwenye mkeka, simu mkononi. Hata pole ya safari hakunipa.

"Nimekuona," alisema.

"Baba, nisamehe, mimi..."

"Nyamaza, nasikiliza."

Akairudia video, simu ameibana sikioni. "Nani kamfundisha huyu?"

"Hakuna mwingine, baba. Ni wewe."

Akairudisha video mwanzo, akaisikiliza tena. Nikaona posa ya mdogo wangu inakufa pale mkekani, na mimi ndiye niliyeishika chupa.

"Anakosea," alisema mwishowe. "Anaanzia kooni. Tembo akisikia sauti ya kooni anaendelea kula. Nipigie simu yake."

Shaibu alipopokea, baba hakungoja salamu iishe. "Vuta pumzi mpaka kiunoni. Sikiliza." Akasimama, na kofia yake ya msikitini kichwani, akanguruma ndani ya simu hadi mbuzi wakakata kamba. Upande wa pili Shaibu akajaribu. "Tena," baba akasema. Akajaribu. "Tena." Mimi nilikaa pembeni na vumbi langu la safari, nikiwaza kwamba nimepelekwa hadi Songea kumtafuta aliyemharibu mdogo wangu, kumbe ndiye huyo aliyenituma.

"Hapo sawa," baba alisema, akifuta paji la uso. "Sasa nitajie jina la baba wa huyo binti. Mshenga hawezi kubisha hodi kwa mtu asiyemjua jina."