Palizi ya Ijumaa

Kwetu Muleba shamba la migomba halijifichi. Kibanja kinazunguka nyumba, na njia ya kwenda kanisani inakatiza katikati yake, kwa hiyo kila anayepita anaijua afya yako na uvivu wako kabla hujamwamkia. Kikimezwa na magugu, watu huulizana nani amefariki. Ndiyo maana masika ya mwaka huu, nilipokuwa nimelala chali na mgongo ulioumia, kile nilichokiona dirishani kiliniuma kuliko mgongo wenyewe.

Mimi ni katekista, mwalimu wa dini wa kigango chetu. Nilianguka na pikipiki nikitoka kufundisha wakatekumeni wanaojiandaa kubatizwa, na daktari akaniambia nilale, nisiiname, nisinyanyue hata ndoo, la sivyo huenda nisitembee tena vizuri. Mke wangu akabaki na kila kitu: watoto, mbuzi, maji, mgonjwa anayenung'unika, na kibanja. Alfajiri nilisikia jembe lake, na jioni nilimwona akila amesimama, jicho kwenye sufuria ya maharage. Alikonda. Mikono ilipasuka hadi akawa anashika kikombe kwa vidole viwili. Nilijua kabisa kwamba tukiendelea hivyo, atakayefuata kulazwa ni yeye.

Jumuiya yetu ya kanisa iliomba kuja kutupalilia. Mwenyekiti wake ni mama mtu mzima, mjane, mwenye maneno machache. Alikuja mwenyewe kuniambia. Nikamshukuru, nikasema tunajiweza. Aliporudi mara ya pili nilimshauri wawapelekee msaada huo wagonjwa. Alinitazama nilivyolala, akaniuliza kwa upole kama mimi ni mzima. Mke wangu alikuwa mlangoni na chupa ya chai. Aligeuka akarudi jikoni, na chai hiyo mgeni hakuinywa.

Nilikuwa na sababu zangu. Anayekulimia humwachi aondoke na njaa, na ndani hatukuwa na cha kuwalisha watu wote wale. Lakini hiyo ilikuwa sababu ya kusema mbele za watu. Ukweli ni kwamba miaka yote mimi ndiye niliyeingia kwenye nyumba za wengine na rozari mkononi, nikaona uchafu wao na shida zao, nikawafariji. Sikutaka mtu aje kuona za kwangu. Na mimi huyu ndiye ninayefundisha habari za neema ya Mungu: kwamba ni zawadi, hailipiwi, hakuna anayeistahili. Wakatekumeni wangu wanalikariri somo hilo vizuri sana. Anayekosea namrudishia tena na tena mpaka apatie.

Mara ya tatu mama mwenyekiti hakuja kwangu. Alimkuta mke wangu kisimani, akamwambia kwamba Jumamosi wanakuja, na kwamba mgonjwa haulizwi uji. Mke wangu aliniletea habari hiyo akiwa amesimama mbali na kitanda, kama mtu aliyevunja sahani. Nikamwambia sawa. Alishusha pumzi, akaenda zake. Mimi nikaanza kupanga mambo yangu.

Ijumaa alikwenda Bukoba kunitafutia dawa, watoto wakaenda shule. Nikajikaza kisabuni, nikashuka kitandani, nikachukua panga. Sikukusudia kusafisha kibanja chote, sikuwa nimechanganyikiwa kiasi hicho. Nilitaka ile sehemu ya njiani tu, ili kesho watu wakifika wakute nyumba yenye heshima, waone kwamba wamekuja kumalizia. Kwa maneno mengine, nilikuwa napalilia ili wapaliliaji wasiyaone magugu. Nikakata majani makavu ya mgomba wa kwanza, nikaona naweza. Nikaenda wa pili. Kwenye wa tatu niliinama kung'oa gugu lililong'ang'ania shina, kiuno kikajifunga. Nilianguka ubavu kwenye majani yaliyoloa, nikashindwa kugeuka.

Nililala pale mpaka mke wangu aliporudi. Aliniona toka njiani. Hakupiga kelele. Aliweka dawa chini, akavua kandambili, akanishika makwapani na kunivuta kidogo kidogo kuelekea nyumbani. Kila aliponivuta nilimsikia akihema. Nilitamani anigombeze, anitukane kama anaweza, maana kule kuhema kulinihukumu kuliko tusi lolote. Tulipofika kizingitini alikaa chini kupumzika, akaniuliza jambo moja.

"Ulikuwa unawaficha nini, baba, ambacho mimi sikioni kila siku?"

Jioni nilisali, na hata sala yenyewe niliijaza ahadi: Bwana, nikipona nitafanya hiki, nitafanya na kile. Niliona aibu nikiwa katikati. Hata Mungu nilitaka afike akute nimeshafagia.

Jumamosi walikuja na majembe, wengine na matita ya nyasi kichwani. Nilikuwa siwezi hata kuinua shingo, lakini masikio yalikuwa mazima. Kila jembe lililopiga ardhi nililisikia kama linanitaja. Mtu mmoja aliuliza ni nani aliyeanza migomba mitatu halafu akakimbia, wakacheka sana. Mke wangu naye alicheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake. Chakula walikuja nacho wenyewe, ndizi zilizopikwa na maharage, na kopo la senene wa kukaanga. Alipoinuka kutafuta sahani nilisikia wakimkalisha chini. Akainuka tena, wakamkalisha tena.

Walipomaliza waliingia chumbani nilimolala ili tusali pamoja. Nikaona ni wakati wangu wa kusema. Nikawaambia nimewakosea, sistahili wema huo, na kwamba nikipata nafuu nitapita kibanja cha kila mmoja wao kwa jembe langu mwenyewe. Hotuba ilikuwa ndefu, na kwa kweli ilikuwa nzuri, nimezoea kuhubiri. Nilikuwa nimeanza kulengwa na machozi mama mwenyekiti aliponiwekea kidole mdomoni, akanionyesha pembeni.

Mke wangu alikuwa amesinzia. Alikaa mkekani, mgongo ukutani, sahani ya ndizi mapajani haijaguswa, na ile mikono iliyopasuka imelala wazi, haishiki kitu. Sikumbuki lini nilikuwa nimemwona amelala mchana. Mama aliichukua sahani taratibu asimwamshe, akavua kanga ya begani kwake akamfunika. Kisha akaniinamia.

"Sisi tulimjia huyu, Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini. "Wewe tumekukuta tu."