Makofi ya Kumpokea Shangazi

Daktari alikuwa kijana, pengine ananizidi miaka michache tu. Aliniambia mishipa ya fahamu ya mikono yangu imeharibika, kwamba inapeleka habari za moto mahali ambapo hakuna moto. Nikamuuliza dawa nitameza kwa muda gani. Akasema vidonge vitapunguza maumivu, havitayaondoa; hali hii nitaishi nayo. Nikaitikia "sawa" kama mtu aliyeambiwa basi la Laela limeshaondoka. Nikatoka nje kwenye upepo wa Sumbawanga, nikiwa na hasira na kila mtu aliyekuwa akitembea na mikono mifukoni.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, fundi cherehani. Mikono ndiyo iliyokuwa inanilisha. Kwa baridi yetu ya mwezi wa sita watu hujifunika blanketi mpaka puani, lakini mimi mikono niliiacha nje, maana blanketi likigusa vidole ni kama nimevitia kwenye mafuta ya maandazi. Wapangaji wenzangu walisema ni sukari, wengine wakasema kuna mtu kanitupia kitu. Nilichoka kueleza. Vidonge vilinikausha mdomo na kunifanya nisinzie kwenye mashine. Nililia sana, nikajidanganya kwamba kilio kinaletwa na dawa.

Kilichonitisha zaidi ni ugeni. Mchumba wangu, fundi simu pale mjini, alikuwa amepanga ndugu zake wa Matai waje nyumbani kwetu Msanzi kuniona. Shangazi yake, aliyemlea, ndiye angesema ndiyo au hapana. Nilimpenda yule kijana na nilitaka anioe, nasema wazi. Alijua mikono inanisumbua. Nilikuwa nimemwambia ni uchovu wa mkasi.

Kwetu Ufipa mgeni mkubwa hasalimiwi kwa mdomo peke yake. Binti anapiga magoti, anakunja viganja kidogo na kupiga makofi ya taratibu, na kila mgeni anapouliza habari za nyumbani, za shamba, za wagonjwa, anajibu huku akipiga. Salamu yetu haina haraka. Binti asiyepiga makofi ameshaonekana hana adabu, hata akipika vizuri namna gani.

"Mama, siwezi," nilimwambia mama asubuhi ya ugeni, akiwa anachekecha unga wa ulezi.

"Utaweza. Ni leo tu, mwanangu. Wakishakuchukua, watakuuguza."

Mama si mtu mbaya. Alikuwa anaogopa kwamba akifa ataniacha peke yangu na mikono hii.

Wageni walifika kabla ya adhuhuri. Nikapiga magoti kwenye mkeka. "Shikamoo, shangazi," nikaanza kupiga. Kofi la kwanza lilinipanda hadi kwapani. Habari za mahindi. Makofi. Za baridi. Makofi. Za ng'ombe wa jirani, jamani, ng'ombe ambao hata si wetu. Makofi. Jasho lilinitoka mgongoni kwenye baridi ile, nikaendelea kutabasamu. Mchumba wangu alinitazama kwa fahari, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Shangazi akamgeukia mama. "Huyu amelelewa. Mabinti wa mjini siku hizi wanakupungia mkono kama konda." Kisha akaniambia kwa upole, "Mwanangu, kwangu utakuwa unaniamsha hivyohivyo kila asubuhi. Nimezeeka, nataka kusikia hayo makofi mlangoni."

Kila asubuhi. Daktari alikuwa ameniambia, nami nikasikia kama anaambiwa mtu mwingine. Sasa niliuona ule mlango, umande, magoti yangu, mikono hii, na kesho yake tena. Nikaishusha mikono mapajani, ikakataa kuinuka.

"Shangazi, mikono yangu inauma."

"Pole, mwanangu. Itapona lini?"

Mama alikohoa. Nilimsikia vizuri kabisa.

"Haitapona."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo kwa mdomo wangu. Nililia mbele ya wageni, kwa sauti, kama mtoto, na machozi sikuweza kuyafuta kwa sababu hata uso wangu ulinichoma viganja.

Hawakunitukana. Walikula ugali wa ulezi, wakasifu kuku, wakasema watazungumza huko nyumbani. Mchumba wangu alikula akiangalia sahani. Walipoondoka, mama aliwasindikiza hadi barabarani. Pamoja na utu uzima wake na goti lake bovu, alipiga magoti kwenye vumbi, akapiga makofi ya kuwaaga. Nilisimama nyuma yake, mikono imening'inia.

Gari lao lilipinda kona, likapotea. Mama akaendelea kupiga.

"Mama, wameshaondoka."

Hakugeuka.

"Najua," akasema. "Haya ni ya kwako."