Kinyozi Aliyejua Visogo

Nzabonimpa alikuwa kinyozi wa Kamembe, na kama ungemuuliza mwenyewe, alikuwa ndiye kinyozi peke yake. Wale wengine walikuwa watu tu wenye mkasi. Alizaliwa Nzahaha, akavuka mto akiwa kijana kwenda Bukavu kujifunza kazi kwa mzee wa kabila la Washi aliyeitwa Cirhuza. Kwa Cirhuza alipata wembe wa kukunja wenye mpini wa pembe, na imani moja kubwa kwamba kichwa husomwa kwa nyuma. Uso, alisema yule mzee, mtu huupanga anapojitazama kwenye kioo. Kisogo hakuna anayekipanga, kwa sababu hakuna anayekiona. Kwa hiyo kijana alifundishwa kuanza kunyoa kwa nyuma, na baada ya miaka aliyajua mapito ya nywele, mikunjo ya shingo na makovu ya wateja wake kama mkulima anavyoujua mpaka wa shamba lake. Alijisifu kwamba hajawahi kusahau kisogo.

Mwaka wa tisini na nne alikuwa hapo hapo, katika kibanda chake karibu na soko. Baadaye alikimbia na umati, akanyoa watu kambini ng'ambo chini ya turubai, na vita vilipozivunja kambi zile akarudi na umati uleule. Alikuta kibanda kimesimama na kioo kimeibwa. Akatafuta kioo kingine, na wateja wake wa zamani wakarudi, isipokuwa wale ambao wasingerudi tena.

Mmoja wa hao alikuwa mwalimu Gasana, jirani yake ukuta kwa ukuta, katika nyumba zilizokuwa ng'ambo ya njia kutoka kibandani. Wakati wa mauaji ya kimbari watu wanne walimtoa nyumbani mchana, wakaondoka naye, na hakuonekana tena. Mkewe, Mukarugwiza, alikuwa amefichwa kisiwani Nkombo na jamaa zake. Alirudi, akaanza kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mbele ya nyumba yake, ng'ambo ya njia kutoka kwenye kiti cha kinyozi, na kila siku aliuliza jambo lilelile: mume wake yuko wapi, apate kumzika.

Gacaca, baraza la wananchi lililosikiliza kesi za mauaji yale, ilipoanza kwao, Nzabonimpa alisimama mwenyewe bila kuitwa, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Akasema ndiyo, aliwaona wale wanne kupitia ufa wa mlango wa nyumba yake. Lakini walikuwa wamempa mgongo. Uso hakuuona hata mmoja, na kwa hofu akafunga mlango, hata njia waliyoishika hakuijua. Jaji alimshukuru kwa ushujaa wake. Watu walitikisa vichwa kwa heshima. Mukarugwiza alirudi kwake bila jina la mtu wa kumuuliza, na Nzabonimpa alirudi kwake mwepesi, kama mtu aliyetoka kitubioni. Ndivyo waoga wanavyoupima ukweli. Hutoa kiasi cha kusifiwa, wakakizuia kile cha kugharimu.

Basi ikaja ile filamu.

Kamali, Mwislamu aliyeuza vitambaa, alikuwa na chumba nyuma ya duka, na humo televisheni, deki na jenereta iliyokohoa kama mzee wa kifua. Jumamosi baada ya sala ya alasiri alionyesha filamu, naye akisimama pembeni kutafsiri Kifaransa kwa Kiswahili. Kaseti zilitoka Bukavu mpaka ulipokuwa wazi. Wanajeshi walipoufunga, watu walitazama zile za zamani. Hii ilikuwa mpya. Mwanamke katika mji wa mbali anafuatwa na mwanamume ambaye huonekana kwa nyuma tu. Mumewe, daktari mpole, anamtuliza, anafunga milango, anatoka kwenye mvua kumsaka huyo adui. Mwishoni mwanamke amekufa, na daktari anaonekana bafuni, mgongo wake umeelekea kioo. Ni kisogo kilekile. Halafu anageuka, anajitazama kwa mshangao kama anayemwona mgeni, na filamu inakwisha. Hakuna neno lililosemwa pale, kwa hiyo Kamali hakuwa na la kutafsiri, na kila mtu alitoka na mwisho wake mwenyewe.

Wiki nzima kibanda cha Nzabonimpa kiligeuka bunge. Muhigirwa, dereva aliyesafirisha mpunga kutoka Bugarama, alishikilia kwamba daktari hakujua alichokifanya. Kichwa kiliugua, mkono ukatenda, mwenyewe hakuwepo. Alimtetea yule daktari kama ndugu aliyekamatwa. Drocella, mwenye mgahawa, alikuja na mwiko mkononi kumpinga.

"Muntu asiyejua habadilishi koti mbele ya kuingia nyumbani," alisema, na hapo nusu ya kibanda ikahamia upande wake.

Walibishana juu ya koti, juu ya tope la viatu, juu ya ufunguo. Watu ambao kwenye nyasi za gacaca hawakukumbuka hata kama siku ile mvua ilinyesha, sasa waliapa kwamba daktari alishika mwavuli kwa mkono wa kushoto. Mtu aliyewahi kuwaambia majaji kwamba mwezi mzima wa Aprili alilala na malaria alisimulia bila kukosea nani aliingia mlango gani, na taa ipi ilikuwa imezimwa.

Nzabonimpa aliwaacha wachoke, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayefunga kesi kwamba yeye alimjua daktari tangu mwanzo, alipopita chini ya taa. Alimjua kwa shingo. Wakamcheka. Kamali akasema maneno ni rahisi baada ya filamu kwisha. Kinyozi alikasirika, na hapo akafanya kosa ambalo kinyozi pekee angeweza kulifanya: akaomba ajaribiwe.

Wakamfunga kitambaa machoni. Nje, kando ya njia, wanaume walipangwa wameelekea ukuta, mashuka ya kunyolea yamewafunika kuanzia mabegani hadi miguuni. Kitambaa kilipofunguliwa Nzabonimpa alipita nyuma yao polepole, mikono mgongoni, kama mkubwa anayekagua gwaride. Akawataja wote. Akamwambia mmoja wao kwamba amemsaliti kwa kwenda kwa kinyozi mwingine, na kinyozi huyo ni mlevi. Watu walishika mbavu. Alipomfikia Muhigirwa hakusimama hata kidogo.

"Huyu namujua hata gizani. Nywele zake zinazunguka mara mbili, na chini yake kuna kovu kama punje ya mchele. Iko pale tangu nilipoanza kumunyoa, mbele ya vita."

Makofi yalipigwa. Muhigirwa alicheka pia, akichelewa kidogo. Watu walimwita Mukarugwiza aje aone maajabu. Hakuhitaji kuja. Alikuwa ng'ambo ya njia, kikombe cha kupimia sambaza kimesimama hewani mkononi mwake, na mteja wake akisubiri.

Siku ya gacaca maduka yalifungwa kama sheria ilivyotaka, watu wakaketi kwenye nyasi. Mukarugwiza aliomba kumuuliza shahidi mmoja aliyekwisha kusema. Nzabonimpa akasimama, shati jeupe lilelile.

"Papa Nzabonimpa, wale bantu bane, walikuwa bamevaa kofia?"

Kinyozi alilipokea swali kwa ukarimu. "Hapana, Maman. Vichwa vyao vilikuwa wazi."

"Walikuwa mbali na wewe?"

"Hapana mbali. Kama mimi na jaji pale."

"Na jua lilikuwa?"

"Lilikuwa jua kali."

Alipokwisha kusema hivyo akaelewa alikopelekwa.

"Siku ile kwa ukuta ulitaja bantu bote, na mashuka juu yao," alisema Mukarugwiza. Hakupandisha sauti. "Mimi siombi uso tena. Niambie visogo."

Nzabonimpa alisema kwamba ule wa ukutani ulikuwa mchezo. Alisema miaka imepita, nywele hubadilika, mtu huzeeka. Drocella akajibu kutoka katikati ya umati kwamba kinyozi mwenyewe ndiye aliyewafundisha kuwa kisogo hakibadiliki, na tangu hapo wote wamekuwa wakijishika shingo. Wachache walicheka. Ndipo Mukarugwiza akawaomba majaji wawaamuru wanaume wa mtaa wasimame na kugeuka. Majaji waliinamiana kushauriana. Kabla hawajainua vichwa, katika jua lile la saa sita lililowatoa watu jasho mgongoni, Muhigirwa alipandisha kola ya jaketi lake.

Kila mtu aliona. Nzabonimpa aliona pia, na bado alikuwa na njia ya kutokea, maana hakuna anayefungwa kwa sababu ya kola. Alikumbuka mara zote ambazo wembe ulipita juu ya kovu lile, naye akizungumza na shingo ile habari za mvua na bei ya mpunga. Lakini isifikiriwe kwamba kumbukumbu hiyo ndiyo iliyomsukuma. Alikuwa ameibeba miaka minane bila kuchoka. Kilichomshinda ni macho ya watu waliompigia makofi, ambao sasa walikuwa wakisubiri kumwita mwongo katika kazi yake. Dhamiri iliitwa mara nyingi haikuja. Majivuno yaliitwa mara moja, yakaja.

"Muhigirwa," alisema. "Alikuwa amemushika mwalimu mukono. Walishuka naye kwa mashamba ya kahawa, upande wa ziwa. Sikufunga mlango. Niliangalia mpaka mwisho."

Akawataja na wengine watatu. Wawili walikuwa wamekufia katika misitu ya Kongo, na wa tatu hakuna aliyejua aliko. Muhigirwa alisema hakumbuki kitu, nyakati zilikuwa za ugonjwa, vichwa vya watu wote viliugua. Siku chache baadaye, alipoona kwamba ugonjwa huo haumfungulii mlango wa mahabusu, alikumbuka mpaka mti wenyewe wa kahawa walipomfukia mwalimu.

Gasana alizikwa kwa sala, ndani ya jeneza, mbele ya watu wengi. Nzabonimpa alikuja na shati lake jeupe, akasogea mbele, labda akitarajia kushukuriwa mara ya pili. Mukarugwiza alimtazama, akamwashiria mahali majembe yalipolazwa. Akashika jembe, akafukia pamoja na wengine, na udongo mwekundu ukalimaliza lile shati.

Biashara yake ilipungua baada ya hapo. Kamali aliendelea na filamu zake, na Drocella hakuacha kuwauliza wageni wa mgahawa kama daktari alijua au hakujua. Msimu ule wanaume wengi wa mtaa waliacha nywele za nyuma zikue mpaka kwenye kola. Wenyewe walisema ni mtindo wa wanamuziki wa Kinshasa.