Ada ya Tarehe Tatu

Kazi ya wakala wa bima ya maisha ni kumketisha mtu aliye hai na kumzungumzia kifo chake mpaka ashike kalamu. Wengi huifanya haraka haraka, kwa utani na tabasamu pana. Mzee Vipengele hakuwa na haraka. Kwa miaka ishirini na sita aliwasomea wateja mkataba mzima kwa sauti, kipengele kwa kipengele, kama alivyosoma imla darasani kabla hajaacha ualimu. Waliosinzia aliwaamsha, akaendelea.

"Nionyeshe tu pa kutia saini, mzee wangu," walimsihi.

"Hapo ndipo panapowaponza watu," aliwajibu.

Fundi majokofu alikuwa mmoja wa wachache waliosikiliza mpaka mwisho, tena kwa maswali. Je, anaweza kumkatia bima jirani yake? Hawezi, humkatii bima mtu ambaye kifo chake hakikutii hasara, usije siku moja ukaanza kukitamani. Na akificha ugonjwa? Mkataba unavunjika, kwa kuwa umesimama juu ya ukweli wa pande zote mbili. Na akisahau kulipa ada? Ana siku thelathini. Zikipita, bima inalala. Fundi alicheka, akatia saini, akamwandika mkewe kuwa mnufaika.

Mwaka uliofuata aliaga nyumbani asubuhi, anakwenda mji wa pili kutengeneza chumba cha baridi cha machinjio. Sanduku lake la zana lilikutwa kituo cha basi, juu ya benchi, limetiwa kufuli. Yeye mwenyewe hakuonekana tena.

Hapo Mzee Vipengele alifanya kosa ambalo hufanywa na mawakala peke yao. Bima ya mteja ikilala, wakala hupoteza kamisheni na sifa. Basi akamlipia fundi ada kutoka mfukoni mwake, miezi mitatu. Mwezi wa nne aliacha, akangoja bima ilale. Haikulala. Akajua mke amejikaza, akamshukuru kimoyomoyo, wala hakuuliza. Ungeanzaje kumuuliza mwanamke katika hali ile?

Miaka saba ikatimia. Mke wa fundi akaja ofisini na hati ya mahakama inayosema mumewe ahesabiwe amekufa. Binti yao alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, na bila ada ya chuo kufikia Ijumaa nafasi ingepewa mwingine.

"Ulifanya la maana kuendelea kulipa, shemeji," alisema Mzee Vipengele akifungua faili.

"Kulipa nini?"

"Ada ya bima."

"Usinitanie, shemeji. Si ulikuwa unalipa wewe? Miaka yote hii nakuombea dua. Hata kupita mbele ya ofisi yako nilikuwa naona haya."

Feni ya darini ilizunguka. Mzee Vipengele alivuta orodha ya malipo tangu fundi apotee. Mistari themanini na minne, yote ya tarehe tatu, yote na maneno yale yale: *taslimu, dirishani, imelipwa na wakala*. Mitatu ya kwanza aliikumbuka. Themanini na mmoja hakuijua.

"Labda kompyuta," mwanamke alisema polepole.

"Kompyuta haiji dirishani na noti mkononi."

Kesho yake ilikuwa tarehe tatu. Saa tatu asubuhi Mzee Vipengele aliingia ukumbi wa malipo, akapita viti vya chuma na lile bango la familia inayocheka. Msichana wa dirishani aliinua uso, akakunja kipaji.

"Shikamoo, mzee. Umesahau risiti?"

"Marahaba. Risiti gani?"

"Si umelipa sasa hivi? Ile ya fundi majokofu. Nimekuita, hukugeuka." Akacheka. "Lakini tarehe tatu huwa husemi kabisa. Humu ndani tunakuita Bubu. Siku nyingine unatuua kwa vipengele!"

Mzee Vipengele alishika ukingo wa dirisha. "Nilivaaje?"

"Mzee, unanitisha."

"Nijibu, mwanangu. Nilivaaje?"

"Kofia yetu ya bluu, mpaka machoni. Kimo chako, mabega yako." Alisita. "Ila noti zako huwa za baridi. Kama zimetoka kwenye friji."

Kofia ya bluu ilikuwa zawadi ya kampuni kwa kila mteja mpya. Ya fundi, Mzee Vipengele alimvalisha kwa mkono wake. Alitoka mbio barabarani na katika hatua kumi akaona kofia tatu: ya muuza magazeti, ya dereva, na ya mtu aliyekuwa akikata kona. Alimkimbilia huyo wa mwisho, akamshika bega. Akageuka kijana asiyemjua. "Vipi, mzee?"

Mke wa fundi alikuwa akimngoja ofisini, fomu ya madai imelala mezani. Ilibaki saini ya wakala chini ya maneno haya: *Sijui jambo lolote linaloashiria kwamba mwenye bima yu hai.* Mzee Vipengele alimsimulia yote, hata habari ya noti.

"Umemwona kwa macho yako?"

"Sikumwona."

"Basi tia saini. Mahakama imesema amekufa. Wewe ni mkubwa kuliko mahakama?"

"Mahakama haikumsikia yule msichana."

Alianza kuyasoma maneno ya fomu kwa sauti, kama kawaida yake. Alipofika kwenye *yu hai*, akaishia hapo. Mwanamke alingoja aendelee. Kisha akamtoa kalamu vidoleni, akaifunika kifuniko chake.

"Yule msichana hakukwambia kama amekonda?"

"Hakusema."

Aliikunja fomu bila saini, akaitia mkobani pamoja na barua ya chuo ya bintiye.

"Mwezi ujao nitakwenda mwenyewe," alisema. "Dirisha linafunguliwa saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu."

"Nitakuwa pale saa mbili."