Mita Sitini za Mwezi wa Kumi

Wakuu, ng'ombe saba wa baba yangu walikufa asubuhi moja, na zizini walitoka wazima kabisa.

Walikunywa maji lamboni, wakaanza kutetemeka, wakalala. Hata nusu saa haikuisha. Baba alikaa chini katikati yao, akalia. Hata mama alipotutoka hakulia vile.

Jirani yetu Chrispin alikuwa na ugomvi wa malisho na baba. Baba akasema ni yeye, kaweka sumu. Kijiji chetu kizima cha Misigiri kikaamini.

Kwenye mkutano Chrispin alisema jambo moja tu. "Mzee Mughwai, muulize mwanao alipima lini."

Watu wakaona anatapatapa. Mimi nikauchuna.

Sasa niseme ukweli. Mimi ndiye katibu wa kamati ya maji. Mwezi wa kumi alikuja mchenjuaji wa dhahabu, anatafuta pa kumwaga marudio, ule mchanga unaobaki ukishaoshwa kwa sianidi. Hiyo ni taka hatarishi, na sheria inataka mita sitini toka chanzo cha maji. Nikashika futi kamba, nikaanzia pale maji yalipoishia siku ile, nikafikisha sitini, nikasaini. Nilijiona msomi kweli.

Chrispin alikuwa anapita na mbuzi wake. Akaniambia, "Mdogo wangu, mvua zikija lambo linafika hapa uliposimama."

Nikamjibu awaachie wataalamu.

Mvua zikaja. Lambo likarudi kwenye eneo lake, likayafikia marudio.

Afisa mazingira alikuja kutoka Kiomboi, akalifunga eneo. Baba hakujali. Alisema hayo ni mambo ya wachimbaji, ng'ombe wake kawaua Chrispin. Neno langu tu ndilo lingemgeuza.

Chrispin akahamia Itigi na watoto wanne. Nikamfuata, nikampigia magoti. Akanipa kiti.

"Mimi nimeshasamehe," akasema. "Kamwambie baba yako."

Nikaahirisha. Leo presha imepanda, kesho amechoka.

Baba tumemzika mwezi uliopita. Kitandani alinishika mkono. "Mwanangu, Chrispin asikanyage msiba wangu."

Nikasema, "Sawa, baba."

Chrispin alikuja kuzika. Wajomba wakamrudisha njiani, na mimi nilikuwa nimesimama nao. Naumia mpaka leo.

Ndugu zangu, ukipima chanzo cha maji, anzia yanapofika mvua ikikolea. Na kosa lako liseme wakati aliyekuamini bado anasikia.